Mistari Mitatu ya Kwanza ya Mtama

Kalemie, mtaa wa Lubuye,
9 Agosti 1987

Mpendwa kaka yangu Symphorien,

Salamu nyingi zikufikie hapo Kabalo, wewe na wifi yangu Virginie na watoto wote. Je, mu wazima? Jicho lako limepona? Na Philomène ameacha kukohoa? Ulituandikia habari ya kikohozi kisha ukanyamaza miezi mitatu, sasa sisi huku tufikiri nini? Tabia yako ni ile ile tangu utoto, unampa mtu nusu ya habari halafu unakwenda zako.

Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Kiangazi kimeleta vumbi na mafua, ndagaa wamekuwa adimu, watoto wangu wanasoma siku zile walimu wanapofundisha. Mama naye ni mzima, anatembea, anakula, anagomba. Nakuambia hilo mapema kwa makusudi, ili ukifika katikati ya barua usidhani amekufa. Hakufa. Lakini kuna jambo, na kichwa changu kimevurugika hata nimeanza barua hii mara tatu na kuichana mara mbili. Nivumilie. Nitasema kama ninavyoweza.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, alikuja kule kwenye mashamba yetu ng'ambo ya mto Lukuga agronomu mmoja kijana, anayefanya utafiti wa magonjwa ya nafaka. Kwenye karatasi za biro, huko ofisini kwao, ana jina refu la kizaire, lakini Mama alimuuliza jina la ubatizo siku ile ile ya kwanza, na tangu hapo ni Anatole tu. Ni mtu mpole. Anavaa viatu vizuri mashambani, hilo ndilo kosa lake.

Alikuja kwa sababu ya masizi. Unayakumbuka: suke la mtama linatoka refu, zuri, unafurahi, kumbe mahali pa punje kuna vifuko vidogo, ukivibana vinapasuka unga mweusi kama wa chini ya chungu. Sisi tulisema ni mvua kuja na jua siku moja. Anatole akasema hapana, ni kuvu, ndugu ya ule ukungu unaoota juu ya mkate. Masuke meusi yakipurwa pamoja na mazuri, ule unga unakaa juu ya mbegu, macho hayauoni. Mbegu ikipandwa, kuvu inaamka nayo, inaingia ndani ya mche ungali mdogo, inapanda nao kimya kimya ndani ya bua, na siku ya kuzaa inazaa yenyewe. Nilimsikiliza mdomo wazi. Kwa hiyo mmea ulikuwa mgonjwa tangu siku ya kwanza, nasi tulikuwa tunaupalilia na kuusifu!

Akachagua wanawake sita, mimi na Mama tukiwemo. Kila mmoja apime vipande viwili, kila kipande mistari kumi. Kipande kimoja mbegu zake zinachanganywa na dawa ya unga mwekundu, tukijifunga vitambaa puani, na ole wake atakayezila. Kipande cha pili kinapandwa mbegu za nyumbani hivi hivi bila kitu. Hicho akakiita shahidi. Adolphine, jirani yetu yule wa maneno mengi, akauliza shahidi wa kesi gani, na nani ameshtakiwa. Tulicheka. Mama hakucheka. Alisema, "Muntu ana dawa mukononi, anaacha mutoto mumoja augue makusudi, ili ajue mwingine amepona? Ile haiko akili." Anatole akaeleza tena kwa upole kwamba bila shahidi hatutajua kama ni dawa iliyoponya au ni mwaka mzuri tu. Mama akasema amesikia. Wewe unamjua, kusikia kwake si kukubali.

Mimi nilipewa kaye ya kuandikia hesabu na kalamu, kwa kuwa nilimaliza miaka minne kwa masista. Kazi yangu kuhesabu masuke, mazuri mangapi, meusi mangapi. Anatole alisema inatosha kuandika jumla ya kila kipande. Mimi siwezi, nilihesabu mstari kwa mstari, kila mstari na namba yake.

Basi, mwezi wa sita tukahesabu, na hapo ndipo akili yangu ilipoanza kunitoka.

Vipande vya dawa vilikuwa na masizi! Si suke moja mawili. Kwangu, kwa Mama, kwa wote sita. Na kwa Adolphine ilikuwa maajabu: kipande chake cha shahidi, kile kilichoachwa kiugue, kilikuwa safi kabisa, na cha dawa kilikuwa na masizi. Anatole aliketi chini kwenye vumbi na suruali yake ya biro. Alikuwa amepanda mbegu zile zile, kwa dawa ile ile, katika bustani ya kituo chao mjini, na huko hakupata hata suke moja jeusi. Alihesabu tena mwenyewe. Akapata vilevile.

Kisha tukaanza kugombana, maana watu wasipoelewa ndivyo wanavyofanya. Yeye alifikiri tumeuza dawa sokoni tukatia udongo mwekundu. Adolphine akamwambia aende akamtuhumu mama yake. Wengine wakasema dawa ilikuwa imeoza tangu huko ilikotoka. Mwishoni Anatole akatuuliza mmoja mmoja, kwa heshima: je, katika kipande cha dawa ulipanda mbegu nyingine yoyote isiyo na dawa? Wote tulijibu hapana. Mama aliapa kwa Bikira Maria. Mimi pia niliapa, kaka. Na hatukusema uongo. Njo hapo panaponichanganya mpaka leo: watu sita waliapa, hakuna aliyedanganya, na jibu letu halikuwa kweli.

Akasema basi ataandika kwamba dawa haifai katika nchi yetu. Vijiji vingine vyote vya upande huu vilikuwa vinangoja matokeo yetu ili vipewe dawa msimu huu. Ataandika, halafu atahamishiwa kwingine, nasi tubaki na masizi yetu.

Aliniomba nimnakilie kaye kwa karatasi safi. Nikawa naandika pale mezani, huku maharage yakichemka, namba baada ya namba, na mkono ukasimama. Kwangu: mstari wa kwanza meusi, wa pili meusi, wa tatu meusi. Wa nne, hakuna. Wa tano, hakuna, hadi wa kumi. Nikafungua kwa Mama. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikafungua kwa Adolphine. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, katika kipande cha dawa. Yesu wangu! Maharage yaliungua na sikusikia harufu.

Kikapu.

Umeondoka nyumbani siku nyingi, acha nikukumbushe. Jumapili ile kabla ya mvua, kila nyumba inaleta konzi moja ya mbegu zake nzuri kanisani. Zote zinamiminwa katika kikapu cha Mama. Padri akiwepo anabariki, asipokuwepo katekista anasali. Kisha Mama anaingiza mikono mpaka kwenye viwiko, anachanganya, na kila nyumba inarudi na viganja viwili. Hizo ndizo zinazopandwa kwanza, mistari mitatu ya mwanzo upande unaoingilia shamba, kabla ya mbegu yako mwenyewe. Kila shamba liwe na kitu cha kila nyumba, ili asiwepo mtu wa kufa njaa peke yake. Bibi ndiye aliyekianzisha, Mama amekishika miaka thelathini na moja.

Sasa fikiri, Anatole alituuliza kama tumepanda mbegu nyingine. Nani angefikiria kikapu? Nilipomuuliza Mama baadaye, alinitazama kama mjinga. "Ile haiko mbegu. Ile njo baraka." Wote sita tulipanda baraka katika kipande cha dawa, mistari mitatu, kisha zile nyekundu za Anatole kuanzia wa nne. Na Adolphine naye ana akili zake: kwenye shahidi hakupanda, kwa sababu, anasema, kipande kimeachwa kife, kwa nini kupoteza baraka? Huko alipanda mbegu alizoletewa na binti yake kutoka Kirungu, nazo zilikuwa safi. Kwa hiyo mgonjwa akapona na mwenye dawa akaugua. Ningekuwa Anatole ningekunywa ile dawa.

Nilikaa wiki mbili bila kusema. Utaniuliza kwa nini. Kaka, ningesemaje? Nikinyamaza, dawa inaitwa haifai na watu wanaendelea kuvuna masizi. Nikisema, nasema kwamba ugonjwa unatoka mikononi mwa Mama, mbele ya altare, kila mwaka, kwa sala. Nyumba moja yenye masizi inaleta konzi yake, Mama anachanganya, na kijiji kizima kinarudi nayo nyumbani kikiimba. Nilikuwa nikimtazama anavyoosha vyombo, natamani nisingejua kuhesabu.

Mwishoni nilikwenda kwa Anatole. Hakucheka wala hakukasirika, alishika kichwa tu, akasema ni yeye aliyekosea, aliuliza habari ya mbegu na hakuuliza habari ya Jumapili. Akaja kwa Mama na glasi mbili. Katika moja akatia mbegu za Adolphine za Kirungu, katika nyingine mabaki ya kikapu, yale Mama anayoweka kwenye kibuyu. Akamimina maji safi, akatikisa. Maji ya Kirungu yakabaki maji. Ya kikapu yakawa meusi kama maji ya kuoshea sufuria.

Mama akasema glasi ilikuwa chafu. Akaenda kuleta kikombe chake mwenyewe cha bati, akakisugua kwa majivu, akateka maji ya mtungi wake, akatia mbegu kwa mkono wake, akatikisa. Yakawa meusi. Akamwaga, akarudia. Mara ya tatu sikuweza kutazama.

Nilingoja apige kelele. Hakupiga. Aliuliza neno moja tu, kwa sauti ndogo: "Na muntu akipanda hizi tupu, shamba muzima?"

Anatole hajui historia yetu, akajibu kama mtu wa shule, kwamba hapo shamba zima lingeweza kuwa jeusi, mwenyewe asipate hata mbegu ya mwaka unaofuata. Mama akaketi kwenye kinu kilicholala. Akasema, "Emerance."

Nawe unakumbuka, maana ulikuwa bado nyumbani, ni 1974, mwaka ule ule ulipoitwa kazini reli. Mama Emerance, mama yangu wa ubatizo, rafiki wa Mama wa kuchota naye maji tangu usichana, mjane. Mbuzi waliingia ghalani kwake wakala mbegu zake zote. Na Mama, kwa huruma, alipomaliza kugawa viganja vya watu, alimpa Emerance kikapu chote kilichobaki. Apande shamba zima kwa baraka. Watu walisema ana bahati.

Ulikuwa mtama mrefu kuliko wa wote, kisha ukatoka mweusi wote. Suke kwa suke. Sisi wengine tulikuwa na meusi machache kule mwanzoni mwa shamba, tukayakata, tukasahau. Kwake hapakubaki kitu. Na Mama alimwambia nini, pale mlangoni mwa kanisa, mbele ya wanawake wote? Nilikuwepo, nimeshika kitabu cha sala. Alimwambia kama mbegu ya baraka inageuka masizi shambani kwako, angalia moyo wako, Emerance. Basi. Hakuna aliyemtetea. Hakuna aliyemtukana pia, waliacha tu kukaa naye benchi moja. Kabla ya mavuno mengine alikuwa amepanda treni kwenda huko Kabalo kwa kaka yake. Krismasi iliyopita uliniandikia kwamba ulimwona sokoni anauza samaki wakavu, akakupita bila salamu, ukasema wazee wana kiburi. Si kiburi, kaka.

Tangu siku ya glasi Mama hagombi. Hilo linanitisha kuliko kitu chochote. Anapika, anafagia, halafu anasimama katikati ya uwanja na ufagio mkononi. Juzi aliniuliza, "Miaka hii yote nilikuwa nawapa watu nini?" Nikamwambia ulikuwa unawapa baraka, Mama. Akasema, "Na masizi." Nikasema na masizi, ndiyo, lakini hukujua. Akasema, "Emerance vilevile hakujua, na mimi nilimuhukumu."

Nilimuuliza katekista. Anasema baraka inakaa moyoni, haikai katika konzi. Sawa, nikamwambia, sasa kwa nini miaka yote tumebeba konzi? Akasema atamuuliza padri. Anatole, naye ni mkatoliki, anasema kikapu kisiachwe, ila kila nyumba itie dawa katika konzi yake kabla ya kuileta, baraka ibaki na kuvu ife. Adolphine akasema basi na dawa nayo ibarikiwe. Wanawake wengine wanasema kutia sumu nyekundu katika baraka ni kumtukana Mungu. Wengine wanasema mtama wao ulikuwa mzuri tu, ni mimi Odile niliyehesabu vibaya. Mimi ninalala Mungu akiwa upande huu na ninaamka akiwa upande ule. Ilikuwa sala ya kweli, na ilikuwa inatuua polepole. Mambo hayo mawili siwezi kuyashika kwa mkono mmoja, na sijui nani ataweza. Afadhali hili: Anatole alichana karatasi yake ya kwanza. Ameandika kwamba dawa inafaa, na vijiji vitaipata.

Sasa ombi, ndiyo sababu ya barua yote hii. Mama anakuja kwako. Atapanda treni ya wiki ijayo, kama wiki ijayo kutakuwa na treni. Barua nampa Bonaventure, yule jirani wa reli, anatangulia leo.

Nilimwambia Mama asisumbuke, nitamwandikia kaka, atakwenda kwa Mama Emerance, atamweleza taratibu, mtakaa watatu nyumbani kwa Virginie, mtakunywa chai, yataisha. Alikataa. "Nilimusema mbele ya watu. Nitarudisha mbele ya watu." Anataka Jumapili umpeleke kwenye kanisa anakosali Emerance. Uongee na katekista wao kabla, ili misa ikiisha watu wasitoke, naye apewe nafasi ya kusimama mbele. Kikombe chake cha bati kiko ndani ya mzigo, na mbegu za kikapu amezifunga kwenye kitambaa, atazitikisa ndani ya maji hapo, waone.

Watu wa huko hawamjui. Watamwona kikongwe mgeni anayezungumza habari za mtama wa miaka kumi na mitatu iliyopita, na kikombe mkononi. Watanong'ona kwamba uzee umemwingia. Emerance mwenyewe anaweza kuinuka na kutoka nje, nami sitamlaumu. Hayo yote nilimwambia Mama. Akasema, "Akitoka, mimi nitakuwa nimesema."

Kaka, nilianza kuandika barua hii ili kukuomba umzuie. Utaona juu ya ukurasa wa pili mahali nilipokata kwa wino. Niliandika mzuie, nikakata, nikaandika tena, nikakata. Sasa naandika la mwisho: usimzuie. Usimtangulie kwa Emerance wala usimweleze kitu. Ila Mama akisimama, simama naye upande wa kushoto, karibu, maana goti la upande huo halimbebi akisimama muda mrefu, na hataomba kiti.

Nisalimie Virginie sana, na Nicolas, na Philomène mpe busu la kifuani penye kikohozi. Msalimie Papa Omer jirani yako, mwambie kofia yake bado iko kwetu. Mama Emerance usimsalimie kwa jina langu. Ni mama yangu wa ubatizo, nilikuwa pale mlangoni na kitabu cha sala mkononi, na miaka kumi na mitatu sijamwandikia hata neno moja. Yangu nitakwenda kuyasema mwenyewe, Mama akisharudi.

Mungu awalinde njiani na nyumbani, awape kula na kushiba, na awasikilize hata mnapokosea kuomba.

Ni mimi dada yako nikupendaye, niliyevurugika bado,

Odile